Bodingi ya mbwa huku Goba: wamekataa maagizo ya mwenye mbwa na mimi nimewapenda kwa hilo

Naandika hii kwa ajili ya watu wa Dar mnaopanda kwenda Moshi na Rombo kila Desemba na mbwa hamjui mnamuachia nani. Kuna sehemu huku Goba wanalea mbwa, sisi tunaita bodingi, nimempeleka mbwa wa baba mdogo sikukuu hizi na nataka niseme walichofanya vizuri na walichoharibu. Jina siliweki kwa sababu baba mdogo bado mteja wao na maneno yameshakuwa mengi, wa huku huku mtaijua tu.

Mazingira ni masafi. Mabanda ya tofali, sakafu ya zege ina mteremko kwahiyo maji hayatuami, kila mbwa na bakuli lake. Bei 20,000 kwa usiku chakula ndani, daktari unalipa mwenyewe. Sawa tu.

Kilichonifanya nikae niandike ni karatasi. Jaki ni mchanganyiko wa jemani shepadi, mkubwa, mkali, ana ukurutu mgongoni mpaka manyoya yameisha, na mguu wa nyuma unamsumbua. Gari la baba mdogo lilijaa watoto na mizigo wakaondoka alfajiri, mimi nikaachiwa Jaki na karatasi ya maagizo na mfuko wa madawa yake. Karatasi inasema ale mara moja tu, usiku, ugali na mifupa ya kuku, na juu yake pilipili ya unga ili abaki mkali. Mchana kutwa afungiwe ndani asizoee watu. Maji yaondolewe jioni asije akakojoa bandani. Mgongoni apakwe oili chafu ya gari, ipo kwenye kidumu. Akichechemea apewe diklofenaki nusu kidonge asubuhi na jioni. Kupe wakizidi aogeshwe dawa ya ng'ombe, na hiyo dawa kaitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, hujui imeshachanganywa na maji au bado ni kali vile vile.

Nilishamwambia baba mdogo haya mambo hayafai, akanijibu nimefuga mbwa kabla hujazaliwa. Ni baba, siwezi kubishana naye mlangoni kwake na safari imemkalia kichwani.

Sasa yule dada msimamizi alisoma karatasi yote, hakucheka wala hakunisema, akaniuliza tu haya ameandika nani, nikamwambia, akaomba namba akampigia hapo hapo. Wenyewe walikuwa wamesimama Korogwe wanakula. "Shikamoo mzee, samahani nakusumbua njiani, Jaki kafika salama ila kuna vitu kwenye karatasi sitaweza kuvifanya." Kaweka spika nikawa nasikia kila kitu.

Alianza na diklo. Akamueleza kwamba mwili wa mbwa hauzimudu dawa hizi za maumivu za binadamu kama sisi tunavyozimudu, zinamchimba vidonda tumboni na zinaua figo, unaweza ukaona mguu umepona alafu ghafla mbwa anatapika damu na choo cheusi. Kwahiyo nusu kidonge sio kwamba ni kidogo. Dawa za maumivu za mbwa zipo ila anaandika daktari wa mifugo baada ya kumuona na kumpima uzito.

Oili chafu ndio walibishana zaidi maana baba mdogo anaamini ndio dawa, na kiukweli sio yeye peke yake, nenda mtaa wowote utaonyeshwa mbwa mweusi tii kwa oili. Yule dada akasema mzee, ukipaka oili mbwa anajilamba, anachokilamba ni mafuta yenye uchafu wote wa injini, na yule mdudu wa ukurutu yumo ndani ya ngozi amejichimbia. Alafu kuna aina ya ukurutu inayompata na binadamu, vijana wangu wanamshika kwa mikono, bora daktari aje akwangue ngozi aangalie ni mdudu gani. Hapo baba mdogo akawa kimya kidogo. Mimi nadhani hiyo ya vijana ndio ilimuingia.

Ile chupa ya dawa ya ng'ombe alikataa hata kuiingiza ndani, nikarudi nayo kwenye gari. Na alikuwa sahihi kabisa, hizi dawa za kupe zinachanganywa kwa vipimo na sumu ikizidi mbwa analegea, anatoa mate, anaweza kufa, sasa fikiria mtoto anakuta chupa ya maji ya kunywa ina hicho kitu ndani.

Mifupa ya kuku ya kupika nayo hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Maji yatakuwepo usiku na mchana, Desemba ya Dar mbwa anapoa zaidi kwa kuhema, ukimnyima maji unamuua. Pilipili hapana. Hapa naomba niseme na mimi maana hili swala linanikera sana. Mbwa ukimshindisha njaa, ukamuweka gizani, ukamchoma utumbo kwa pilipili, unapata mnyama mwenye hofu na maumivu, atamng'ata mwizi ndio, lakini atamng'ata na mtoto wa jirani aliyefuata mpira na dada anayempelekea chakula. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kutesa mnyama ni kosa, na bado watu wazima wenye heshima zao wanapeana hii ya pilipili kama ni siri ya ufugaji.

Baba mdogo alikuja juu, mbwa wangu, hela natoa mimi. Dada hakupandisha sauti: "Mbwa ni wako mzee, ila akifia mikononi mwangu nitakuambia nini?" Akampa chaguo, aidha daktari amuone Jaki kesho yake kwa gharama za mzee na waendelee kwa utaratibu wa daktari, au nirudi naye nyumbani. Mzee akakubali, kwa shingo upande lakini akakubali. Nimeona sehemu nyingine wanapokea chochote mteja anachoandika na wanafanya hivyo hivyo kwa sababu hela imeshaingia, kwahiyo huyu dada namheshimu.

Sasa walipoharibu. Baba mdogo hana kadi ya chanjo, anasema Jaki alichanjwa kichaa cha mbwa alipokuwa mdogo inatosha. Haitoshi, huku kwetu inarudiwa kila mwaka. Wakampokea hivyo hivyo, wakasema daktari akija kesho atamchanja. Jamani, chanjo haifanyi kazi siku hiyo hiyo, inahitaji wiki kadhaa mwili ujenge kinga, na huu ni ugonjwa ambao dalili zikishatoka kwa mtu karibu hakuna kupona. Na sio kichaa tu, parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kutapika na kuharisha damu, inakaa kwenye mazingira miezi na miezi, mbwa mmoja asiye na chanjo anaweza kuacha janga kwa watoto wa mbwa watakaokuja baada yake. Walimtenga banda la mwisho peke yake, sawa, lakini mtu aliyesoma karatasi kwa makini vile alitakiwa adai kadi getini kabla hata sijashuka. Hapo nawakata maksi na nilimwambia dada mwenyewe, akasema Desemba wateja ni wengi. Sio sababu.

Lingine, hiyo safu ya nyuma haina kivuli cha maana kuanzia saa nane mchana, bati linawaka. Na picha za WhatsApp walizoahidi kila siku zilikuja zikikatika katika, Krismasi yenyewe kimya, baba mdogo akawa ananipigia mimi.

Daktari alikuja kweli, akakwangua ngozi, akaandika dawa ya ukurutu na ya mguu, Jaki akawa anakula mara mbili. Mgongo umekauka na manyoya yameanza kuota. Baba mdogo karudi analalamika mbwa kalegea, lakini nimempita pale getini jana usiku na amenibwekea mpaka taa za jirani zimewaka, sasa sijui kulegea gani huko. Bili ya daktari kalipa yote bila kuniuliza.

Ukimpeleka wa kwako beba kadi ya chanjo hata wasipokuuliza, andika dawa zote anazotumia kwa majina yake, acha na namba ya daktari wako. Wakiezeka ile safu ya nyuma vizuri na wakaanza kudai kadi kwa kila mbwa, Pasaka nawapelekea na wa kwangu.