Downtown Presbyterian, Nashville: jengo lilibaki, jina likahama

Kwanza hakikisha unaenda kanisa lenyewe. Nashville, jimbo la Tennessee, kuna First Presbyterian na kuna Downtown Presbyterian. Yalikuwa ushirika mmoja tangu 1814 hadi 1955, ndipo washirika wengi walipohamia Franklin Road, nje ya mji, wakaondoka na jina la First. Waliokataa kuacha katikati ya mji walibaki na jengo. Kwa hiyo anayefuata jina la zamani kwenye ramani hufikishwa kwenye jengo jipya, kilomita kadhaa kutoka anakotaka. La kihistoria liko kwenye kona ya Church Street na Rep. John Lewis Way, mtaa uliokuwa ukiitwa Fifth Avenue.

Anza nje, ng'ambo ya barabara. Ukisogea sana hutaona minara miwili kwa pamoja. Juu ya mlango kuna jua lenye mabawa, kama kwenye hekalu la Farao. Msanifu wa jengo, William Strickland, ndiye aliyechora pia ramani ya jengo la bunge la Tennessee, lakini lile kwa mtindo wa Kigiriki, si wa Misri ya kale kama hili. Kanisa lilijengwa kati ya 1849 na 1851, baada ya mawili yaliyotangulia kuungua, 1832 na 1848.

Ndani, usikimbilie viti vya pembeni. Ukuta wa nyuma ya mimbari umechorwa safu za nguzo zinazoonekana kuingia ndani kabisa, ilhali ni rangi tupu. Mchoro huo unakubali ukisimama kwenye njia ya katikati. Ukiutazama kwa upande, mistari inapinda na ukuta unajionyesha. Tembea polepole kutoka mlangoni kuelekea mbele, utaona inavyobadilika. Rangi hizo ni za miaka ya 1880. Askari wa Kaskazini walipolifanya kanisa hospitali wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), majeruhi hawakulala chini ya mapambo haya, ingawa wageni wengi hudhani hivyo. Nenda mchana wa jua, maana vioo vya rangi kukiwa na mawingu hufifia. Piga simu ofisini kwanza uulize kama ukumbi uko wazi.

Ukitoka, usiondoke haraka. Mwaka 1960 wanafunzi weusi, John Lewis, ambaye mtaa umepewa jina lake, akiwa miongoni mwao, walikaa kwenye kaunta za chakula za maduka ya mtaa huu huu wakidai kuhudumiwa kama wazungu. Kwangu mimi, ziara isiyofika hapo ni nusu.

Naipa nyota tano, na sababu kubwa ni wale wachache wa 1955. Jengo hili lisingekuwa na ibada leo kama wangefuata wenzao. Anayetafuta kumbukumbu za ubatizo au ndoa za kabla ya mwaka huo aulize makanisa yote mawili.