Nanyamba au Nanyumbu? Msimu wangu wa kwanza na kibodi ya nukta nundu

Mtu wa huku kwetu Mtwara anajua kwamba Nanyamba ni kwingine na Nanyumbu ni kwingine kabisa. Ila sauti ya kompyuta inayosoma skrini, ukiikimbiza kama tunavyoikimbiza sisi wasioona, majina hayo yanapita sikioni kama jina moja. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Msimu wa juzi niliandika moja badala ya jingine kwenye barua, nikasikiliza, nikaridhika, barua ikaenda. Mwenyekiti hakunigombeza, lakini usiku ule sikulala.

Dada yangu aliyeko Dar akaninunulia kifaa kilichokwisha kutumika: kibodi ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Kinaingia kwenye mkoba. Kina vitufe sita vya nukta, viwili vya ziada kwa nukta ya 7 na ya 8, kitufe cha nafasi, na mstari wa seli 20, kila seli nafasi ya herufi moja, zenye vichuma vinavyopanda na kushuka kufuata maneno ya kwenye skrini.

Kuandika hakukunipa shida hata siku moja. Nilifundishwa kwa Perkins, mashine ya kuchapa nukta nundu kwenye karatasi, nikiwa bweni shule ya msingi, na mpangilio ni ule ule: shahada ya kushoto nukta ya 1, cha kati 2, cha pete 3, kulia 4, 5 na 6. Herufi moja, vidole vinashuka pamoja mara moja. Ile Perkins, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, naipenda mpaka leo, lakini ni karibu kilo 5 za chuma, na karatasi yake mwenyekiti wangu hawezi kuisoma. Hapa nikibonyeza, naye anasoma kwenye skrini papo hapo.

Hata hivyo, kama shida yako ni kuandika tu, hifadhi pesa zako. Kibodi ya kawaida ina vijinundu kwenye F na J, na NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, ni ya bure. Simu za Android nazo, tangu 2020, zina kibodi ya nukta nundu juu ya kioo: unaishika simu kiulalo, kioo kinatazama mbele, mbali nawe, unagusa kwa vidole sita. Hiyo naitumia kwenye bajaji, najibu ujumbe bila dereva kujua yangu.

Kifaa hiki kinastahili bei yake, ambayo ni kubwa kuliko ya kompyuta yangu, kwenye kusoma. A ni nukta moja, ya 1. U ni tatu: 1, 3 na 6. Kidole hakiwezi kuzichanganya. Majina ya wanachama yenye N mbili, ng' yenye king'ong'o na ng isiyo nacho, vyote sasa navigusa. Miaka yote ile nilikuwa nasikia maneno, siyaoni yameandikwaje.

Siku ya kwanza nilichanganyikiwa, maana kilikuwa kimewekewa nukta nundu za Kiingereza zenye vifupisho. Neno "andika" likaja na alama moja ya kifupisho mahali pa a, n na d. Badilisha mipangilio uchague zisizo na vifupisho. Kiswahili kinasomeka vizuri.

Kilichoniumiza ni seli ya 14. Katikati ya msimu nukta yake ya 6 ilikwama juu. K ikipita pale inageuka U, L inageuka V. Mtwara nzima sikupata wa kukifungua, kikapanda basi kwenda Dar, nikakaa wiki tatu bila chombo huku maghala yamejaa. Tangu kirudi nakifunga kwenye kitenge kikavu, na sikigusi kabla sijanawa mikono. Muulize muuzaji habari za fundi kabla hujamuuliza bei.

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wanachama, nilisoma muhtasari mwenyewe kwa vidole, bila spika ya sikioni. Mzee mmoja akanikatiza katikati kuuliza habari za malipo ya pili. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamjibu, kidole kikiwa pale pale kwenye neno nililoachia.