Chembe nzuri za fedha, wauzaji wenye kiburi

"Kagua usafi wa seli zako." Hilo ndilo jibu nililopewa na mtu wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyotuuzia chembe nano za fedha, zile za nanomita 20, kwa majaribio yetu ya seli za ini. Mambo mengine yako kwenye lebo, atakaye asome.

Miezi kadhaa iliyopita seli zetu za HepG2, ambazo ni seli za ini la binadamu, zilianza kufa kwa dozi ndogo mno. Kwamba fedha inaua seli za ini si habari mpya. Mwaka 2005 mtafiti Hussain na wenzake walijaribu chembe za nanomita 15 na 100 kwenye seli za ini la panya ziitwazo BRL 3A: glutathioni, ile kinga ya ndani ya seli, ikaporomoka, molekuli kali za oksijeni zikapanda, mitokondria zikalegea. Mimi nilitaka kujua muuaji ni nani hasa. Fedha ikikaa kwenye maji yenye oksijeni huyeyuka polepole na kutoa ioni, yaani atomi za fedha zenye chaji, na ioni hizo hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye glutathioni na protini. Kwa hiyo chupa moja ina vitu viwili: chembe zenyewe, na fedha iliyokwisha kuyeyuka. Nikazichuja chembe zote, nikabaki na maji meupe yasiyo na rangi hata kidogo, nikayaweka kwenye seli. Zikafa karibu sawasawa na zile zilizopewa chembe!

Nikawaandikia kwa adabu zangu zote: chupa inapotoka kwenu, fedha iliyoyeyuka huwa kiasi gani? Maana kwenye cheti haimo. Ndipo likaja jibu hilo la usafi, pamoja na nyongeza kwamba wateja wengine hawana shida hii, na kwamba nikipima LDH nitaona bidhaa yao ni salama.

Hiyo LDH ndiyo iliyonipandisha mori. Ni kimeng'enya kinachovuja utando wa seli unapoharibika. Unapima kilichovuja, unakadiria seli ngapi zimekufa. Sasa, fedha yenyewe hukizima kimeng'enya hicho. Seli zinaweza kufa kwa wingi na kipimo kikakaa kimya. Ni mwizi anayekwambia, kama huamini, muulize mbwa, ilhali mbwa keshamlisha nyama yenye sumu. Na huyu ndiye waliyemweka kujibu maswali ya kitaalamu!

Haya, niwatendee haki. Chembe zao ni safi. Rangi ilikuwa njano angavu, si ule ukijivu wa chembe zilizogandana, na mwanga ulifyonzwa kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 400 kama inavyotakiwa. Kwenye mikroskopu ya elektroni zilikuwa mviringo, zimelingana, unatamani kuendelea kuzitazama. Mwenzangu wa maabara, ambaye hana hasira kama mimi, anasema hakuna chupa ya fedha isiyotoa ioni, iwe ya nani, na kwamba hata chembe isiyoyeyuka chupani itamezwa na seli na kuyeyukia humo humo kwenye lisosomu, vile vifuko vya seli vya kumeng'enyea, kwa sababu ya asidi yake. Ana hoja. Kwa saa chache niliamini nimewaonea, nikaanza hata kuwawekea nyota nne.

Kisha nikafungua tena ile barua pepe. Seli ambazo hazikupewa fedha, kwenye sahani ileile, siku ileile, zilistawi vizuri kabisa. Picha niliwatumia. Hakuna aliyezigusia. Sikuwalaumu kwa fedha kuyeyuka, niliomba namba moja tu! Bila namba hiyo, mtu atachapisha kwamba chembe zinaua ini, kumbe kilichoua ni chumvi ya fedha iliyomo chupani tangu mwanzo.

Nyota mbili, basi. Anayetaka chembe za kupiga picha azinunue, hatajuta. Anayepima sumu kwenye ini achuje siku chupa inapofika, apime ioni mwenyewe, awe na kundi la seli zilizopewa maji ya mchujo peke yake, na asiitegemee LDH hata wakimwapia. Oda yetu inayofuata naipeleka kwingine. Labda wanitumie hiyo namba kabla sijalipa huko.