Rivyu ya maboresho ya kempa: feni ya paa, betri za lithiamu na mengine, kipi ununue sasa na kipi kisubiri

Wadau wenye magari ya kulala, hii ni rivyu ya vitu vya kuongeza au kubadilisha kwenye kempa, vile ninavyoviamini na vile naona watu wanavikimbilia mapema mno. Msimamo wangu nauweka juu kabisa: kwanza funga kitu cha kukuonyesha umeme wako unaenda wapi, halafu punguza matumizi, halafu ndio uongeze nguvu. Wengi wanaanza kinyume, inveta kubwa (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) na paneli paa zima, afu usiku wa pili kila kitu kinazima na hakuna anayejua kwa nini.

Ndio maana naanza na Victron SmartShunt ya ampea 500. Ni kidude kidogo, hakina hata kioo, unakifunga kwenye njia ya negativu karibu na betri na kinaongea na simu yako kwa Bluetooth, basi. Kazi yake ni kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka, kwa hiyo unafungua simu unaona betri imebaki asilimia ngapi, sasa hivi zinaliwa wati ngapi, na kwa mwendo huo betri itadumu mpaka saa ngapi. Mtu atasema mi nina voltimita ukutani inanitosha. Hapana. Kwa betri ya asidi volti zinakupa picha kiasi, lakini kwa lithiamu zinakaa palepale jirani na 13 kwa muda mrefu sana halafu karibu na mwisho zinaporomoka ghafla, yaani voltimita itakwambia uko salama wakati umebakiza kidogo tu. Sharti lake ni moja na hapo ndipo ufungaji mwingi unaharibika: negativu zote zipite kwenye shunti, yaani hicho kidude, ya sola, ya inveta, ya chasisi, zote, na kutoka kwenye shunti kwenda betri uwepo waya mmoja tu. Ukiacha hata moja imeshika betri moja kwa moja hesabu inakuwa ya uongo. Na kwenye apu uandike ukubwa halisi wa betri yako, na uijaze kabisa mara kwa mara ili kipimo kijipange upya.

Ukishakuwa nacho ndio unaanza kuona wezi. Inveta iliyowashwa bila kitu chochote kuchomekwa inaweza kula wati 15 au zaidi kutegemea ukubwa wake, inaonekana si kitu, lakini saa 24 ni kama Wh 360 (wati-saa), yaani karibu Ah 28 (ampea-saa) za betri ya volti 12 zimeenda bure. Kuna mtu angenunua paneli nyingine kwa sababu hiyo, na dawa ni kubonyeza swichi. Taa za zamani za balbu hivyo hivyo, balbu ya wati 20 unaitoa unaweka LED ya wati 2 au 3 na mwanga ni uleule, hii kazi ni ya jioni moja na haihitaji fundi.

Sasa feni ya paa, na hapa nitakaa kidogo maana kwangu hiki ndicho kitu kinachobadilisha maisha ndani ya gari kuliko kingine chochote. Naongelea MaxxFan Deluxe. Inaingia kwenye tundu la inchi 14 kwa 14, ambalo kempa nyingi tayari zinalo kwa ajili ya kile kidirisha cha kawaida cha paani, kwa hiyo mara nyingi hukati bati jipya. Ina spidi 10, inavuta hewa nje au kuingiza ndani, na kifuniko chake kimeundwa kiasi kwamba mvua ikinyesha unaiacha wazi na inaendelea kufanya kazi. Hilo la mvua ndilo hasa ninalolipia, maana mvua ikinyesha ndio madirisha yote yamefungwa, watu wanapumua, sufuria iko motoni, na mvuke wote huo unaishia kwenye kuta na chini ya godoro unaanza kuleta ukungu. Umeme wake ni mdogo, spidi za chini inakula chini ya ampea 1 na juu kabisa kama ampea 3. Linganisha na AC ya paa ya BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ambayo ikiwa inazunguka inataka wati 1,200 mpaka 1,500, kupitia inveta hiyo ni zaidi ya ampea 100 kutoka kwenye betri. Sisemi AC haina kazi, joto likizidi sana feni haiwezi kupoza hewa, inaihamisha tu. Ila kwa usiku mwingi, feni inayotoa hewa upande mmoja na dirisha moja tu limefunguliwa kidogo upande wa pili karibu na kitanda, upepo unapita juu yako na unalala. Usifungue madirisha yote, ukifanya hivyo feni inavuta hewa ya dirisha lililo karibu nayo na huku kitandani hupati kitu. Kasoro zake: inasimama juu ya paa hata ikiwa imefungwa, kwa hiyo pima nafasi kabla ya kupanga paneli, na spidi za juu zina kelele kweli.

Wakati wa kuifunga, tafadhali, msitumie silikoni ya kawaida. Chini ya fremu weka utepe wa butili, kaza skrubu taratibu kwa kuzunguka, halafu juu pitisha gundi ya paa inayojisambaza yenyewe, Dicor wanayo na wengine wanayo, hakikisha tu inaendana na aina ya paa lako. Silikoni ya kawaida ikishachoka inabanduka na gundi nyingine haishiki juu yake, utakwangua mpaka mikono iume. Maji yakiingia paani huyaoni mapema, yanatembea ndani ya mbao na wewe unakuja kuona doa wakati mbao ishaoza. Panda juu kila baada ya miezi michache ukague kila kiungo.

Betri za lithiamu, nikimaanisha LiFePO4, ile aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati. Ndiyo, zinastahili, na sababu kubwa kwangu ni uzito na kiasi unachoweza kutumia kweli. Betri ya asidi ya Ah 100 ina kilo 28 au 30 na ukitaka idumu unatumia nusu yake, ya lithiamu ya Ah 100 ina kilo kama 11 mpaka 13 na unatumia karibu yote, kama Wh 1,280. Mizunguko yake ya kujaa na kuisha inahesabiwa kwa maelfu, za asidi kwa mamia. Lakini lithiamu sio ya kutoa ya zamani ukachomeka mpya ukaondoka, ni mnyororo mzima. Chaja yako iwe na mpangilio wa lithiamu. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, seli zinaharibika kwa ndani moja kwa moja, kwa hiyo ukisafiri kwenye baridi nunua yenye ulinzi wa joto dogo au yenye hita yake. Na oltaneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka: lithiamu inakubali umeme mwingi bila kusita, ukiiunga moja kwa moja oltaneta inafanya kazi kwa nguvu zake zote muda mrefu na inaweza kuungua. Katikati weka chaja ya DC kwenda DC. Victron Orion-Tr Smart 12/12-30 inatoa ampea 30, maana yake saa moja ya kuendesha ni kama Ah 30, hiyo ni nguvu ambayo watu wanaisahau kabisa wakati wanahangaika na paneli. Inapata joto sana, isimamishe mahali penye hewa usiifiche nyuma ya magodoro. Kuna mpya yake, Orion XS ya ampea 50, nguvu inayopotea kama joto ni ndogo kuliko ya hiyo ya kwanza na umbo lake ni dogo, kama unaanza upya angalia hiyo.

Inveta ndio sehemu inayoniuma nikiona watu wanavyouziwa. Unaambiwa chukua ya wati 2,000 utatumia kila kitu. Fanya hesabu: wati 2,000 gawanya kwa volti 12 ni ampea 167, ongeza kinachopotea njiani uko karibu na 185 au 190. Sasa betri moja ya lithiamu ya Ah 100 mara nyingi ina BMS, ile bodi ya ndani inayoilinda, ya ampea 100. Ukiwasha birika la wati 1,800 BMS inakata, gari zima giza, na mteja anasema betri ni mbovu. Betri nzima, ila mnyororo haulingani. Kwa betri moja kama hiyo chukua inveta ya wati 1,000 na uridhike, au weka betri mbili sambamba kwanza. Iwe ya mawimbi safi (pure sine), yale mawimbi ya kuiga (modified sine) yanasumbua mota na chaja za kompyuta. Nyaya ziwe nene na fupi, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Kwa lithiamu kubwa tumia fyuzi aina ya Class T maana betri hizi zikipiga shoti zinamwaga umeme mwingi sana kwa mara moja na fyuzi dhaifu inaweza isiukate. Hapa usibane hela. Waya mwembamba unaowaka nyuma ya kabati wakati watoto wamelala, hapana jamani.

Sola nitaenda haraka. Paneli ya wati 200 imelala bapa juu ya paa, siku ya jua zuri tegemea Wh 600 mpaka 800, sio zaidi. Kivuli kidogo cha tawi kinakula sehemu kubwa ya umeme, kwa hiyo paneli isiwe kwenye kivuli cha feni au boksi la AC. Acha nafasi ya hewa chini yake, paneli ikipata joto inatoa kidogo. Kontrola, ile inayosimamia umeme wa paneli kwenda betri, iwe MPPT, aina inayovuna nguvu nyingi zaidi kutoka paneli, na uelewe namba zake: 100/30 maana yake isizidi volti 100 kutoka paneli na inatoa mpaka ampea 30. Baridi inapandisha volti za paneli, ukipanga tatu au nne kwa msururu bila kuacha akiba ya volti, asubuhi moja ya baridi kontrola inakufa.

Friji: kama bado una ya gesi na inafanya kazi, usiharakishe. Ila zile zinataka gari limesimama sawa na zinahangaika kwenye joto. Ya kompresa ya volti 12, nyingi zina kompresa za BD35 za Secop, ambao zamani walikuwa Danfoss, inapoza haraka na haisumbuliwi gari likiinama kiasi, kwa siku inakula kama Ah 30 mpaka 50. Ukiwa na lithiamu na paneli badilisha, huna hivyo viwili subiri.

Intaneti, Starlink Mini imerahisisha mambo kwa wanaofanya kazi barabarani. Ina kilo kama 1, inakubali umeme wa DC wa volti 12 mpaka 48 kwa hiyo huhitaji inveta, na inakula wati 25 mpaka 40. Ila piga hesabu tena: ukiiacha saa 24 ni Wh 600 mpaka 960, hiyo paneli yako ya wati 200 imeisha yote kwa intaneti. Weka swichi, zima ukilala. Waya mrefu mwembamba kwenye volti 12 unaifanya ijiwashe na kujizima.

Vya usalama sitaki uvifikirie kama anasa. Vipimo vya presha ya matairi, vile vinavyoonyesha kwenye skrini mbele, weka, hasa kama una matairi pacha nyuma maana la ndani likipungua huwezi kuliona. Vile vya kufunga juu ya vali vina uzito, badilisha vali za mpira uweke za chuma. Na soma tarehe ya tairi, tarakimu nne mwishoni mwa DOT, ule msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi, 2321 ni wiki ya 23 mwaka 2021, tairi la kempa linazeeka kwa kusimama hata kama meno yote yapo. Vipimo vya gesi na vya monoksidi ya kaboni navyo vina tarehe ya mwisho, mara nyingi miaka 5 mpaka 7, geuza kipimo chako leo uangalie nyuma yake.

La mwisho ni uzito. Kila nilichotaja kinaongeza kilo, isipokuwa lithiamu ikichukua nafasi ya asidi. Kabla hujaagiza chochote kikubwa peleka gari mzanini likiwa na watu, gesi, nguo na maji, tangi la lita 100 peke yake ni kilo 100, halafu linganisha na kibao cha uzito wa juu unaoruhusiwa pamoja na uzito wa kila ekseli, kwa sababu gari linaweza kuwa sawa kwa jumla na ekseli ya nyuma imezidi. Kama umebakiwa na kilo chache, nunua shunti na feni, hivyo viwili havitakuzidishia.