Mizunguko au masafa marefu: uanze na mbio zipi?

Anayetaka kushindana kwa mara ya kwanza na baiskeli ya milimani ana milango miwili. Mmoja ni mbio za mizunguko, zilizoingia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996: njia ya kilomita chache inayorudiwa mara kadhaa. Mwingine ni masafa marefu, ambayo kwa kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, ni kilomita 60 hadi 160, ingawa waandaaji wengi huwatengea wapenzi wa kawaida njia fupi zaidi.

Mizunguko ni mikali tangu filimbi. Wote mnakimbilia njia nyembamba inayopitisha mtu mmoja mmoja; ukichelewa hapo, kazi yako ni kutazama migongo ya wenzako. Dakika kumi tu, moyo unadunda kooni. Lakini ule mzizi uliotelezesha tairi la mbele mzunguko wa kwanza, wa pili unaujua: unasogeza kiuno nyuma, unaachia breki ya mbele kabla ya kuugusa, unapita. Sijaona shule nzuri kuliko hiyo. Na mnyororo ukikatika, kurudi kwa miguu si mbali.

Masafa marefu yanasamehe mwanzo mbaya, hayasamehi njaa. Kula kabla tumbo halijadai. Beba tyubu na pampu, maana tairi likipasuka katikati ya msitu, fundi ni wewe.

Kwa anayeanza, nashauri mizunguko. Moyo wangu mwenyewe uko kwenye masafa, hasa pale miguu inapokwisha na mnagawana maji na mtu aliyekuwa mpinzani wako asubuhi.