Olorgesailie: siku yangu na mashoka ya mawe

Likizo ya Agosti nilimpeleka mwanangu Olorgesailie, mahali palipofukuliwa zana za mawe za watu wa kale, kilomita 65 hivi kutoka Nairobi kwa barabara ya Magadi. Ukishapita Kona Baridi unaanza kuteremka Bonde la Ufa, na joto linazidi kila kona. Gari tulilokodi lilichelewa saa mbili nzima, na wenye gari hawakuomba hata radhi. Tukafika jua likiwa la utosi. Liliniuma hilo, kwa sababu pale unatembea kwa miguu.

Mwongozaji aliyetupokea ndiye aliyeiokoa siku. Alitupandisha kwenye daraja la mbao, na chini yake yametapakaa mashoka ya mkono, mengi ajabu, yameachwa palepale yalipofukuliwa. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kazi hapa mwaka 1942. Kila shoka lina umbo la tone la maji, nene chini, limechongoka juu, kingo zimebanduliwa vipande vidogo vidogo hadi zikapata makali. Mwanangu aliyahesabu, akafika sitini na kitu, akapotelewa na hesabu, akaanza upya.

Lakini kilichonikaa moyoni ni hadithi ya jiwe lingine. Mwongozaji aliokota kijiti akachora mchangani: hapa palikuwa na ziwa, hapa Mlima Olorgesailie. Waliochonga mashoka haya, akasema, karibu mawe yao yote waliyatoa ndani ya kilomita tano. Baadaye ardhi ikapasuka kwa mitetemeko, ziwa likatoweka, mvua ikawa haitabiriki, wanyama wakubwa wengi wakapotea. Nchi waliyoizoea mababu ikawa ngeni. Kufikia miaka 320,000 hivi iliyopita, watu wa hapa walikuwa na zana ndogo zaidi, nyingine za obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kigae cha chupa. Jiwe hilo halipo jirani. Lilitoka kilomita 25 hadi 95.

"Mama, umbali mliokuja leo kwa gari, na zaidi, jiwe lile lilibebwa kwa miguu," mwongozaji aliniambia.

Nilisimama pale nikiwaza maji. Huwezi kwenda mbali hivyo katika ukame bila kujua kisima kiko wapi, au bila kumjua mtu wa kukuonyesha. Watafiti nao wanaona hivyo: huenda jiwe lilipita mkono kwa mkono, kundi hadi kundi, na pamoja nalo habari za njia. Kwangu mimi hayo peke yake yalitosha kulipia safari.

Makumbusho ni madogo, unayamaliza upesi. Usikubali kuzunguka bila mwongozaji. Ondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, beba kofia na maji ya kutosha, kivuli ni haba.

Tulipokuwa tunaondoka mwanangu aliuliza, "Walijuaje njia ya kurudi?" Mwongozaji alimshika mabega taratibu, akamgeuza, akamwelekeza mlima.