Tangawizi inaoza: ununue bakteria gani?

Kabla hujatoa hela, chomoa shina moja lililonyauka, likate karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria. Bidhaa za orodha hii hazitakuokoa, ng'oa, choma. Maji yakibaki safi na tangawizi ikawa laini, inanuka, hapo mara nyingi ni Pythium, kimelea kinachofanana na kuvu, na bakteria rafiki wanaweza kusaidia.

Namba moja kwangu ni Bacillus ya unga, iwe subtilis au amyloliquefaciens. Simpi nafasi hiyo kwa ukali, nampa kwa uvumilivu. Hujifungia ndani ya spora ngumu, akastahimili joto la duka la bati na safari ya bodaboda hadi Mamba Miamba, kule Same. Akikuta unyevu anaamka, anakalia mizizi na kutoa kemikali zinazotoboa seli za kuvu. Kibandiko kionyeshe aina ya bakteria, idadi ya walio hai kwa gramu (CFU), tarehe ya mwisho na namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Kikikosa kimoja, rudisha pakiti.

Ya pili ni Bacillus ya maji. Kazi ileile, haizibi nozeli ya bomba la kupulizia, ila ni mzigo mgongoni.

Ya tatu ni Pseudomonas fluorescens. India wanaitumia sana kwenye tangawizi na pilipili manga. Huwanyang'anya kuvu madini ya chuma. Tatizo hana spora. Niliwahi kununua pakiti iliyopangwa dirishani, juani, nikatibu mbegu za tuta zima. Zikaoza sawa na za jirani ambaye hakutibu chochote. Inunue ikiwa mpya, na imehifadhiwa mahali pa baridi.

Trichoderma? Muuzaji atakuambia ni bakteria. Ni kuvu, tena kuvu mzuri, ila si wa orodha hii. Chupa isiyo na kibandiko siipangi kabisa.

Usichanganye bakteria na dawa ya kopa, yaani yenye shaba, shaba inawaua. Maji yenye klorini yalaze usiku kwenye ndoo wazi. Loweka vipande vya mbegu nusu saa kwenye maji yaliyochanganywa na bakteria, vikauke kivulini, panda. Na kama shamba linatuamisha maji, chimba mtaro kwanza, pakiti utanunua baadaye.